Stroberi Iliyosimama

14 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepona, na ile sweta uliyonifumia naivaa hata nikilala. Nadhani na wewe u mzima, goti limetulia, na fundi viatu wa jirani bado anagonga nyundo kabla hujaamka. Dada ameniandikia kwamba mtoto wake ameota jino la kwanza na amemng'ata nalo baba yake. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba akauliza nacheka nini. Unajua sina maneno. Nikamwambia, "Jino." Akanitazama muda mrefu. Huku wananiita Kimya.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umesema mwaka huu chama chenu cha washonaji kitatundika mablanketi ya viraka ukumbini mwisho wa Mei, kila mmoja na tunda lake, yote kwa mkono, cherehani marufuku. Na wewe umechagua stroberi. Shangazi, stroberi hujawahi kuiona! Umewaambia una mtu wako ndani ya banda la stroberi. Mimi ni mpakiaji tu. Zinakuja kwenye mkanda, natoa zilizobonyea, nzuri napanga kwenye visanduku. Basi.

Lakini umeniuliza, nitajibu. Stroberi ni nyekundu, si nyekundu ya nyanya, ni ya mdomo wa mtoto aliyetoka kulia. Mbegu zake ziko nje, juu ya ngozi, za njano, ndogo kama ufuta, na kila mbegu imekaa kwenye kishimo chake. Chini ina majani yamejikunja kama kisahani, yenyewe imekaa juu yake, ncha inatazama juu. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Usimwonyeshe mtu huo mchoro.

Ukuta wa mbele unaoutaka, ule wa kutazamana na mlango, utaupata. Mwaka jana mwenyekiti alikosea kumpa mwingine.

Mwanao, mpakiaji

6 Februari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Goti lipo, linanipa habari za mvua kabla ya redio. Nimeandika herufi kubwa kwa sababu kalamu yenyewe nene. Dada yako alikuja na huyo mwenye jino, ameng'ata meza yangu pia.

Mchoro wako nimewaonyesha wote. Ulisema nisimwonyeshe mtu, wao ni watu tisa. Mwenye zabibu kaugeuzageuza, na mwenye machungwa kasema, "Kumbe ndivyo zilivyo!" Nikasema, "Ndivyo zilivyo, anazishika kwa mikono yake kila siku." Nilivimba, nusura vifungo vitoke.

Blanketi litakuwa na vipande ishirini. Kila kipande stroberi moja imesimama juu ya kisahani chake, kikonyo kinashuka chini, na chini kabisa mstari wa majani ya ardhini. Mbegu ni vifundo vya uzi wa njano. Nakutumia kipande kimoja ukione. Ukikague kama unavyokagua matunda yako.

Unauliza kwa nini naung'ang'ania huo ukuta. Hukuuliza, lakini nakujua, umeuliza moyoni. Yule mama wa mapazia, mshonaji mwenzetu, mwaka jana alishindwa kuingiza uzi kwenye sindano mbele ya watu. Mara mbili tu. Wiki iliyofuata mwenyekiti alimkabidhi birika. Sasa ni mpika chai wa chama. Chai yake nzuri, lakini hakuna aliyemuuliza kama anaitaka hiyo kazi. Mimi ukuta wa mbele nimekaa nao miaka kumi na moja. Mwaka jana nimesogezwa karibu na dirisha. Baada ya dirisha, mwanangu, ni jiko.

Mimi si wa birika.

Shangazi yako

23 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku baridi inaanza kuchoka, barafu kwenye bati la banda inadondoka matone mchana kutwa. Mimi mzima. Msimamizi amenihamishia mwisho wa mkanda, mahali pa jicho la mwisho, kwa sababu natoa mbovu ambazo wenzangu hawazioni. Sikumwambia mtu ila wewe.

Kipande kimefika. Nimekiweka juu ya mto nikakaa kwenye kiti nikakitazama. Wekundu umeupata sawasawa. Ukipitisha kidole, zile mbegu zinakwaruza kama zenyewe.

Halafu nikakigeuza. Wewe ndiye uliyenizoesha. Nilikuwa nikikuletea kazi yangu, unageuza kwanza, unatazama nyuma, ndipo unasema kama leo nitakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Sasa nyuma ya hiki kuna uzi umeruka kutoka pembe hadi pembe, na vifundo vikubwa vikubwa. Sisemi ni vibaya. Nauliza tu, taa ya sebuleni inawaka vizuri? Au umeshonea gizani?

Na kuna jambo lingine. Mimi nimeanza tena kushona. Sindano nilikuja nayo ndani ya soksi. Nashona wakati mwenzangu yuko zamu. Yeye ni fundi wa majokofu, mtu mkubwa, mlango anapita kwa ubavu, na mdomo wake hauna pazia. Akiniona na sindano nimekwisha. Nimetarizi stroberi mbili kwa mfano wako. Kama vipande ni vingi, nitumie hata vitano. Hakuna atakayejua.

Mwanao

29 Machi

Kwa kijana wa banda la stroberi,

Salamu. Mimi ni fundi viatu, jirani. Naandika kwa niaba ya shangazi yako kwa sababu mikono yake ina unga. Anasema marahaba. Anasema amechelewa kujibu kwa sababu ya kazi nyingi.

Anasema taa ya sebuleni inawaka sana. Inawaka mpaka inaumiza. Anasema amenunua na nyingine.

Anasema hakukuomba msaada. Anasema ameshona mablanketi tangu baba yako anatambaa na hajawahi kushonewa hata pindo. Anasema wewe uangalie matunda yako, nyuma ya kitambaa chake kuachie ukuta, kwa sababu ukuta ndio utakaotazama huko nyuma.

Anasema vipande kumi na moja vimekwisha.

(Hapa nimemuuliza, "Kumi na moja kwa miezi miwili? Wewe uliyekuwa unamaliza blanketi zima?" Akasema, "Andika unachoambiwa." Kwa hiyo nimeandika.)

Anasema usikose kula. Anasema sweta uifue kwa maji baridi.

Nimemaliza. Mimi mwenyewe nasema unga sijauona. Mikono yake ni safi.

Fundi viatu

8 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa habari ya taa. Sitauliza tena.

Leo nina jambo zito, na sijui niliingize mlango gani. Bora nilitoe tu.

Tangu nimefika huku nilikuwa sijawahi kuingia shambani. Nilikuja baridi inaanza, matunda yanaletwa kwa malori, nikaingia bandani, nikabaki bandani. Jana mtu wa toroli aliumwa, msimamizi akaniambia nenda ukalete trei. Nikaenda. Nje jua jipya, udongo unatoa mvuke, miche imepangwa mistari mirefu, maua meupe kila mahali. Nikainama nikafunua majani.

Shangazi, zinaning'inia.

Zinaning'inia kichwa chini. Kile nilichokuita kisahani ni kofia, iko juu, na kikonyo kinatoka juu. Ncha inatazama ardhini. Zote. Nilitembea mstari mzima nikitafuta hata moja iliyosimama. Mwanamke mmoja mchumaji akaniuliza, "Umepoteza nini?" Nikaendelea kufunua majani.

Ni sisi bandani tunaozisimamisha. Tunazipanga ncha juu ili mnunuzi aone wekundu tu, majani yafichike chini. Nimezipanga hivyo tangu Oktoba, maelfu kwa maelfu, nikadhani ndivyo zilivyoumbwa. Nimekupa stroberi ya sandukuni, nikakwambia ni ya shambani.

Na wewe umewaambia watu tisa kwamba anayejua ni mimi.

Kosa ni langu peke yangu. Nimekuwekea vipande kumi na moja kichwa chini miguu juu. Sijala jana wala leo. Niambie nifanye nini.

Mwanao

17 Aprili

Kijana,

Safari hii hakuniambia niandike. Nilimsomea barua yako. Alikaa. Nikadhani atakasirika. Akacheka, mwanangu, akacheka mpaka akashika ukuta.

Kisha akaenda chumbani akarudi na bahasha kubwa. Akasema, "Mpelekee." Nikasema, "Nimwambie nini?" Akasema, "Yeye ataona."

Ndani kuna kumi vilivyoshonwa na tisa vitupu, cha kumi na moja unacho wewe. Watu wanatundika tarehe 30 Mei. Nyuzi ziko kwenye kopo la rangi ya viatu, nimeliosha lakini halijatoka harufu.

Jana nilimwona anapapasa meza kutafuta mkasi uliokuwa mbele yake. Hili hakuniambia niandike wala nisiandike.

Fundi viatu

6 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Vipande vyote ishirini vimo humu, vimeunganishwa. Nakuomba ukae kitandani kwanza, kwa maana barua ni ndefu. Fundi viatu, salamu nyingi, soma polepole.

Bahasha ilipofika nilivitandaza vyote kumi na moja kitandani, nikawa nimeshika kichwa. Mlango ukafunguka. Fundi wa majokofu, karudi kabla ya zamu kwisha. Sikupata hata muda wa kuvuta blanketi. Akasimama. Akasema, "Kimya! Kumbe kimya chote kile ulikuwa unaandaa harusi? Mume ni nani?"

Akaja, akaokota kipande kimoja kwa yale mavidole yake, akakigeuzageuza. Akakishika juu chini. Akasema, "Lakini hizi ni stroberi za kweli kabisa. Angalia, zimejificha chini ya majani."

Nikamtazama alivyokishika. Shangazi, alikuwa amekishika kichwa chini miguu juu! Yale majani yako ya ardhini yamekuwa juu, yamekuwa paa, kikonyo kinashuka kutoka kwenye majani, na stroberi inaning'inia chini yake kama ile niliyoifunua shambani. Hakuna cha kufumua. Hata uzi mmoja. Ni kugeuza tu.

Nilipiga kelele. Fundi wa majokofu akaruka, akasema, "Kumbe sauti unayo!"

Tangu siku hiyo sijashona kwa kujificha. Vile tisa nilivishona mezani kwenye chumba cha kulia, muda wa mapumziko ya mchana, siku kumi. Siku ya kwanza walinitania. "Kimya, nitie na mimi kwenye orodha ya mahari." Siku ya tatu wakaanza kubishana wao kwa wao. Mmoja anasema mbegu ni nyingi mno, mwingine anamwambia, "Wewe unapakia bila kutazama ndiyo maana hujui." Wakaleta tunda, wakahesabu mbegu, wakagombana. Msimamizi akaja kuona ni fujo gani. Akatazama. Akauliza, "Nani kafanya hii?" Wote wakaninyooshea kidole, hakuna aliyecheka. Nikasema, "Mimi. Kanifundisha shangazi yangu." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema bandani.

Tisa zangu nimezishonea nyuzi zako, na mbegu nimezifunga vifundo vikubwa kama vyako vya sasa, ili zisitofautiane. Mtu akisema ni mikono miwili, huyo ni mchawi.

Ila nimeacha kimoja. Pembeni, chini, mkono wa kulia, stroberi imesimama, kama mchoro wangu. Hicho ni cha mkono wako, kile cha kwanza ulichonitumia Februari. Sikuweza kukigeuza. Ukitaka, kifumue ukigeuze. Lakini ningekuwa mimi ningekiacha.

Iliyobaki ni kazi yako, na hii sikuigusa kwa makusudi. Kuweka bitana chini, pamba katikati, na kushona tabaka zote tatu pamoja. Fundi viatu akushikie pembe zisiteleze. Unakumbuka ulivyonifundisha? Ulinifunga kitambaa cha kichwa machoni. Ukasema mkono mmoja juu, mwingine chini, kidole cha chini kinasubiri ncha ya sindano, kikiiona kinairudisha. Ukasema anayetazama anashona ovyo. Nilikuwa na miaka saba, nilijichoma, nikalia, ukasema endelea.

Basi na mimi nasema endelea.

Fundi viatu akuingizie uzi kwenye sindano. Yeye ameingiza uzi kwenye ngozi ya ng'ombe, hatashindwa pamba.

Mwanao, Kimya

2 Juni

Mwanangu, baba yangu, jicho langu,

Marahaba mara ishirini, moja kwa kila kipande. Anaandika fundi viatu, lakini nimemwambia leo akipunguza hata neno moja namrudishia viatu vyangu vyote avishone upya bure.

(Naandika kila kitu. Fundi.)

Dada yako mzima, mtoto ana meno matatu, anatafuta wa kumng'ata. Goti limenyamaza. Sasa sikiliza.

Nilishona tabaka tatu kwa siku kumi na sita. Sikuwasha taa hata moja. Ya nini? Huyu fundi aliniingizia uzi, na kila mara akitia anasema, "Hii sindano nyembamba kama unywele, nyie mnaishije?" Siku ya tano akaomba ajaribu mstari mmoja. Nilimpa. Nikaupapasa, nikaufumua.

(Ni kweli. Fundi.)

Tarehe 30 tukaenda ukumbini. Mwenyekiti akafungua blanketi mezani, wote wakasogea. Nilisikia wanavyopumua. Mwenye zabibu akasema kwa sauti ya chini, "Mama yangu." Halafu mwenyekiti, unamjua, hawezi kukaa bila kuuliza, akasema, "Shangazi, hii ya pembeni mbona imesimama na zote zinaning'inia? Hukuiona?"

Hukuiona. Mama wa mapazia alikuwa na birika mkononi, nikasikia kifuniko kinagongana.

Mwanangu, ningeweza kusema kalamu nene. Ningeweza kusema unga. Nikasema, "Hapana, sikuiona. Macho yangu yamekwisha tangu mwaka jana. Nyekundu naiona kidogo, sindano siioni kabisa. Kumi na moja nimezitarizi kwa kubahatisha. Tisa katarizi mwanangu, mwanamume, mpakiaji, mezani mbele ya wanaume wenzake. Nitajieni zake ni zipi."

Walitafuta. Wakageuza, wakapapasa, mwenye machungwa akavaa miwani mbili. Walinyooshea kidole kumi na tatu, na zake ni tisa tu.

Nikasema, "Na hiyo iliyosimama ndiyo jina letu. Yeye alikosea kuchora, mimi nikakosea kuona, na kutoka humo limetoka blanketi. Wenye kuandika majina waandike. Sisi tumeandika hivyo."

Wamelitundika ukuta wa mbele. Si hivyo tu. Mwenyekiti alipapasa ile mishono ya tabaka tatu kutoka mwanzo hadi mwisho, akauliza, "Hii umeshona huoni?" Nikasema sioni. Akaniuliza kama Jumatano nitawafundisha. Nikasema nitafundisha kwa sharti wote wafumbe macho, na mwanafunzi wa kwanza ni mama wa mapazia, birika walichukue kwa zamu. Zamu ya kwanza ikaanza hapo hapo, ya mwenyekiti. Chai yake mbaya sana.

Uliniuliza habari ya taa nikakujibu vibaya. Uliona mapema, ukauliza kwa adabu, nami nikakufokea kupitia fundi viatu. Hilo ndilo nililotaka kusema tangu Machi. Limekuwa zito mdomoni kuliko habari ya macho.

Kipande kimoja tu nakitambua kuwa ni chako, cha tatu kutoka juu. Nyuma yake umefunga fundo kwa mkono wa kushoto, kama ulipokuwa na miaka saba. Nimewaficha wenzangu.

Shangazi yako, wa ukuta wa mbele

15 Juni

Kwa fundi viatu,

Salamu, na ahsante kwa kila neno uliloandika, hasa yale ambayo hukuambiwa uandike. Nakuomba barua hii usimsomee kwanza. Mpe karatasi mkononi, mshike kidole, kiweke pale chini. Halafu ndipo usome.

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, sweta nafua kwa maji baridi.

Jana fundi wa majokofu alikuja na koti lake la kazi. Lina tundu kifuani, lilinaswa na mlango wa jokofu. Akasema, "Kimya, ziba." Nikamuuliza kwa kiraka gani. Akatazama pembeni, mtu mzima yule, akasema, "Kama zile." Nimemshonea. Leo amepita nalo banda zima, na sasa mlangoni kwangu kuna makoti saba. Stroberi zote nazishona zinaning'inia, kama shambani.

Iliyosimama sijampa mtu. Hiyo nimeishona hapa chini kwenye karatasi, uzi mwekundu, mbegu za njano, mahali ambapo watu huweka jina. Geuza karatasi upapase na nyuma.

Uniambie leo ni chai gani, ya maziwa au ya rangi.